Kengele ya mota ya mkonge

Jamani, mimi fundi umeme, leo kiwandani Hale nimeumbuka.

Kila nikiwasha mota ya mashine ya mkonge, kidhibiti cha umeme kinapiga kengele: mota inavuta umeme mwingi mno inapoanza. Nikapima nyaya zote, moja moja. Nzima. Nikamwambia meneja kidhibiti kimekufa. Akaondoka kwenda Tanga kununua kingine.

Kugeuka, namwona Mama Rehema, mlishaji wa mashine, anasukumia majani ndani wakati imezimwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naijaza, mwanangu. Ikiwaka ianze na kazi, tufidie muda."

"Tangu asubuhi?"

"Kila ikizima."

Tukayatoa majani. Mota ikawaka bila mzigo, kengele kimya.

Nampigia meneja, hapatikani.

Mama Rehema ananiambia, "Akirudi, mimi simo."

Nyie mngemwambiaje?