Kanga ya Kufunikia Maua

Harufu ya kanga mbichi ikikauka juani hunirudisha uani kwetu, Dodoma.

Mama alikuwa amelazwa hospitali. Maua yake ya buluu, aliyoletewa kutoka Lushoto na kuyapanda wiki ile ile, yalikuwa yamelala chini kwa jua. Nilikuwa nayamwagia maji yaliyooshewa vyombo nilipomwona bibi akitoka ndani na kanga mpya ya mama, ambayo mwenyewe alikuwa hajaivaa hata mara moja.

Ilikuwa imetoka sandukuni mwake. Kwetu, sanduku la mtu ambaye hayupo hufunguliwa baada ya msiba tu, nguo zigawiwe.

"Bibi, mama amekufa?"

"Ishia hapo hapo! Nani kakwambia? Na uache kumwagia maji saa saba hii, utaichemsha mizizi. Shika huku."

Akailowesha ile kanga, tukaitandaza juu ya vijiti, maua yakapata kivuli.

"Akirudi ayakute hai," akasema.

Jioni maua yaliinua vichwa. Bibi akaniita nikaone. Sikwenda. Nilikuwa chumbani, nimelikalia sanduku la mama kwa uzito wangu wote, mtu asilifungue tena.