Mfupa wa Sikio Uliosimamisha Harusi

Mwanangu, mfupa mmoja wa sikio, wa mtu nisiyemjua hata jina, ulinigharimu beberu mnene, usingizi wa masika nzima, na nusura unigharimu shemeji. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili na bado hainikai sawa, ndiyo maana nakuhadithia.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile mafundi walipokuwa wakichimba shimo la choo nyumbani kwetu, upande wa nyuma wa Mlima Meru. Mimi nimesimama juu nabishana nao kwamba kina walichofika si kile tulichopatana. Koleo likapita tabaka la majivu ya volkano, likagota kwenye mifupa ya mtu. Wakati huo nilikuwa kijana, maana yake nilijiona najua bei ya kila kitu sokoni Arusha na sihitaji ushauri wa mtu. Baba alikwisha fariki. Mimi ndiye niliyesimamia ndoa ya mdogo wangu, Upendo, na matangazo yalikwisha anza kusomwa kanisani.

Serikali ya kijiji ikaita watafiti. Akaja mama mmoja, mtaalamu wa mifupa ya kale, sisi tukamwita Dokta tu. Alivaa glavu na barakoa kama anaingia chumba cha upasuaji. Akatuambia marehemu ni wa zamani mno, kabla ya ukoo wowote tunaoujua. Mifupa ya miguu imepinda, uti wa mgongo umeshikana wote ukawa kama fimbo.

"Huenda ni floraidi, yale madini ya maji yenu yanayopaka meno rangi," akasema. "Huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Huenda ni ugonjwa wa kurithi. Tutachukua mfupa wa ndani ya sikio, vinasaba hudumu zaidi pale, tuvisome."

Watu walijaa pale shimoni. Katika yote aliyoyasema, wakaondoka na neno moja: kurithi.

Sasa niangalie mimi. Meno yangu yana rangi ya chai ya rangi, na nikisimama wima mbwa anapita katikati ya miguu bila kugusa upande wowote. Wengi kwetu tuko hivyo, wala hatukuwahi kukaa tukajiuliza. Upendo miguu yake imenyooka vizuri, lakini nani angeangalia yake wakati yangu ipo?

Habari ilishuka mjini kabla yangu. Mzee Loishiye, baba mkubwa wa bwana harusi, ni wa Waarusha wa magharibi ya mlima. Alinifuata nyumbani kwangu kule mjini, Lemara, akanywa chai mpaka ikaisha ndipo akasema.

"Kijana, hatujakataa. Tunasubiri majibu ya yule wa shimoni."

"Yule si ndugu yetu, mzee wangu."

"Umejuaje? Si amelala kwenu?"

Kumbe Upendo alikuwa nyuma ya mlango. Mzee alipoondoka akatoka, akaniuliza, "Kaka, kwani mimi naumwa?" Mwanangu, mimi niliyezoea kumjibu mteja kabla hajamaliza kuuliza, nilimwambia aondoe vikombe.

Nikapeleka beberu kwa wakwe kuwatuliza. Uliona wapi upande wa mwanamke ukapeleka mbuzi? Hata beberu mwenyewe alionekana kushangaa. Kutoka hapo nikaenda ofisini kwa Dokta, pale Sekei.

"Dokta, nipe jibu la mwisho. Ni maji au ni damu?"

"Bado sijui, kaka."

"Basi nipe la kuanzia, tutaelewana."

Akacheka. "Hili halina mapatano. Vinasaba vya mtu wa kale ni kama gazeti lililolowa, likachanika, likaoza. Joto na miaka vimekula sehemu kubwa. Tunaokota vipande."

"Okota haraka basi. Mtoto wa watu anasubiri kuolewa."

Majibu yalikuja mvua zilipokatika. Vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Kasoro za kurithi wanazozifahamu nazo hazikuonekana, lakini hapo ni katika vipande vilivyosomeka, na vingi havikusomeka. Tena yule mtu hakuwa wa kwetu. Asili yake na ya watu wa huku waliokwisha pimwa ziko mbali sana.

"Kama si ndugu yangu," nikauliza, "mbona ana miguu yangu?"

"Labda mmekunywa maji ya mlima mmoja. Yeye zamani, wewe leo."

"Labda?"

"Labda. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Halafu akaongeza jambo ambalo sikumuuliza. Kwa mgongo ule, mtu yule hakuweza kutembea wala kujichotea maji, lakini mifupa inaonyesha aliishi katika hali hiyo miaka. "Alikuwa na watu wa kumhudumia," akasema. Nikalichukua kama nyongeza ya muuzaji, sikuona kazi yake.

Siku ya kikao kwa mzee Loishiye nilikuwa nimeshapanga maneno. Nitasema ni maji, basi, tufunge biashara. Shangazi, dada yake baba, alinisikia njiani nikijizoeza. Mlangoni akanishika mkono wa shati.

"Anaeli, Dokta kakuambia nini?"

"Labda ni maji."

"Basi ingia na labda yako. Ukiiacha hapa mlangoni, itamsubiri Upendo siku atakayojifungua, na wewe utakuwa sokoni."

Nikaingia nayo. Mzee Loishiye alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ndugu zake. "Nimekaa masika nzima, naletewa labda?" Wakacheka. Nikatoa na ile nyongeza ya Dokta, habari ya mtu yule kuhudumiwa. Kicheko kikakatika. Mzee akaitazama miguu yangu, akamtazama Lazaro, bwana harusi.

"Akizaliwa wa miguu kama ya huyu, utambeba?"

"Nitambeba, baba."

"Hata akikua?"

"Hata akiwa na mdomo kama wa huyu."

Nyumba nzima ikacheka, na safari hii nami nikacheka. Jumapili iliyofuata matangazo yakaendelea.

Mwanangu, nakuusia hivi. Jibu ulilopewa na labda, lifikishe na labda yake. Ukiipunguza ili umalize haraka, kuna mtu atakuja kuumia kwa hicho ulichopunguza, na mara nyingi si wewe. Na ukichunguza damu ya mtu, uliza pia ni nani atakayekaa naye akishindwa kutembea. Mungu akupe mifupa ya kukufikisha uzeeni, na mifupa ikichoka akupe watu.

Lakini na wewe nisaidie. Juzi Dokta amenipigia. Mitambo ya siku hizi inasoma hata vipande vilivyowashinda zamani, na anaomba mate yangu ayachunguze pamoja na mfupa ule, aone kama tuna kasoro moja ya kurithi. Binti wa Upendo ameposwa mwaka huu. Nikitoa, jibu laweza kuwa lolote, na laweza kufika kabla ya harusi. Nikikataa, nitakuwa nimemchagulia kutojua. Yeye mwenyewe bado sijamwambia. Kichupa cha kutemea mate kiko hapa mezani, sijakifungua. Wewe uliyesoma, ungeanza kuongea na nani?