Kioo Hakitetemeki, Mzee

Habari ya kifo chake ilinikuta nimeshika bisibisi. Nilikuwa nafunga darubini juu ya bunduki ya mteja, kazi niliyoifanya mara nyingi kuliko nilivyokula ugali katika nchi hii, simu ikalia mezani. Ulikuwa ujumbe wa kikundi chetu cha kusaidiana misibani: mzee wetu Mganda wa mtaa wa Hagsätra ametutoka alfajiri, hospitalini. Nikarudi kwenye skrubu, nikaikaza, ikakatika kichwa. Wasomaji wangu mnaonijua mtashangaa, maana mimi sikati skrubu. Mkono wangu unajua pa kuishia kabla chuma hakijalalamika, na ndio ulionitoa kwenye ufagio ukanipa duka. Siku ile nilizunguka mle ndani kama kuku mwenye yai, nikatundika kibao cha kufunga, nikakitoa, nikakitundika tena.

Kwa walio wageni wa safu hii: mimi nina darasa la saba la Korogwe, basi. Nilikuja Stockholm nikaosha vyombo, kisha nikafagia sakafu ya duka la vifaa vya uwindaji la mtu mwingine, na nilipokuwa nafagia nilikuwa natazama. Leo nina duka langu Spånga, hatua chache kutoka stesheni, na wahandisi wenye shahada zao husimama foleni kuniuliza mimi kioo gani kinafaa chuma gani. Sijisifu, nasema yaliyopo. Mtu akiingia na silaha yake, kabla hajamaliza kahawa nimekwisha jua anahitaji nini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu, na hivyo ndivyo nilivyoamini.

Marehemu alifika hapa akiwa mkimbizi, akafanya ufundi wa mabehewa mpaka kustaafu, na katikati ya hayo akafaulu mtihani wa uwindaji, akawa mtu wa kuitwa. Mbweha mwenye upele kajificha chini ya nyumba ya mtu, au melesi, yule ndugu wa nyegere, kachimba ua mzima, mwenye nyumba anapiga simu, na anayetokea na mtego na kibali ni Mganda mrefu mwenye kofia ya sufu. Tulikuwa tukimtania kwamba Mzungu kaogopa mnyama wa kwao, kamwita Mwafrika wa kwetu. Silaha yake ilikuwa bastola ya risasi moja: unaivunja katikati, unatia risasi, unaifunga, unapiga, umemaliza. Hapa huruhusiwi kuzurura msituni na bastola ukifukuza paa; kazi ya ile yake ilikuwa ya karibu, kummaliza mnyama aliyekwisha kunaswa. Nilimuuliza siku moja kwa nini anaona fahari kumpiga mnyama aliye ndani ya kizimba. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Kampala, polepole: "Kijana, yule amefungwa, hawezi kukimbia makosa yako. Risasi ya kwanza ni ya kazi. Risasi ya pili ni ya kuomba radhi." Wenye nyumba walimwita kwa sababu hiyo, kwamba kwake ya pili haikuwepo. Siku ambayo ya pili ingehitajika, simu zingekoma, naye angebaki mzee mwingine wa kukaa kwenye benchi la maduka akisubiri jua. Hilo alilijua, na mimi nililijua.

Mara ya kwanza alikuja kwa sababu kile kichuma cha mbele cha kulengea kimekuwa ukungu. Nikasema moyoni, macho ya uzee, nikafurahi, maana macho ya uzee ndiyo mkate wangu. Kwa ajili hiyo wanawe walikuwa wamemnunulia darubini ya bunduki kama zawadi, wakaifunga wenyewe juu ya mtutu. Watoto wa hapa ni wasomi, lakini hawakujua jambo dogo: darubini ya bunduki inataka jicho liwe karibu, kama upana wa kiganja hivi, na bastola unaishika mkono umenyooka. Ukitazama kutoka kule unaona bomba jeusi na katikati yake kijiduara cha mwanga kama sarafu. Nikaitoa, nikamfungia iliyotengenezwa kwa umbali wa mkono, yenye kukuza mara mbili tu. Akarudi baada ya wiki mbili. Akaniambia mnyama anacheza ngoma humo ndani. Nikamweleza kwamba kioo kinachokuza hukuza kila kitu, hata pumzi yako. Nikaitoa nayo, nikamwekea kioo cha nukta nyekundu kisichokuza chochote, kidogo kama kiberiti, nikakilaza chini kabisa juu ya mtutu.

Hapo nilimpa darasa ambalo halimo kitabuni. Kwamba ukiwa hatua moja tu kutoka kwa mnyama, risasi hupiga chini ya nukta kwa kadiri ya kimo cha kioo, kwa hiyo ukilenga sikio usishangae ikiingia chini ya sikio. Kwamba jua likizama upunguze mwanga wa nukta, la sivyo itakimeza kichwa chote. Kwamba betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na kifua, kwa sababu baridi ya hapa inakula betri. Alisikiliza kama mwanafunzi, akarudi baada ya mwezi. Nukta nayo inacheza. Nikamuuzia mpini mnene wa mti wa jozi, nikamning'inizia kipande cha uzito chini ya mtutu, nikaipima bastola mkononi mwangu mwenyewe, ikatulia kama jiwe. Nikamwonyesha: unaona? Akasema, naona.

Mara ya nne ilikuwa Jumamosi. Nanyi mnaijua Jumamosi yangu: duka limejaa, Wakenya wawili wanabishana kuhusu mpira kwa Kiingereza, Mkongo mmoja anatia Kifaransa katikati, na mimi nimesimama nyuma ya meza yangu kama bwana harusi. Mzee akafungua sanduku, akahakikisha bastola ni tupu, akaiweka mezani, akasema kwa sauti ndogo kwamba bado. Watu wakageuka kumsikiliza fundi atasema nini. Na fundi, ndugu zangu, alikuwa amemaliza vyote vilivyomo kabatini. Basi nikafanya kile ninachofanya nikikosa la kusema.

"Kioo hakitetemeki, mzee," nikamwambia. "Kioo kinaonyesha tu. Anayetetemeka ni wewe, na dawa ya hiyo mimi siuzi."

Duka zima likacheka. Yeye pia alicheka kidogo. Akaifunga bastola sandukuni, akavaa kofia yake, akanitazama.

"Leo umeongea maneno kidogo, kijana," akasema, akatoka.

Hakurudi tena. Mimi hadithi ile niliifanya mali. Niliisimulia kwenye harusi Akalla, kwenye treni, kwa wateja wapya, na kila mara nilinyoosha mkono wangu mwisho wa hadithi kuonyesha ulivyo mtulivu.

Kanisani Hagsätra nilikwenda, ingawa mimi ni mtu wa msikitini. Baada ya mazishi tukaingia ukumbini kwa kahawa na sambusa, na mjane wake akasimama. Alizungumza Kiswahili ili sote tumwelewe, na watoto wake walipomnong'oneza kwa Kiswidi akae apumzike, hakukaa. Akasema kwamba kabla ya Jumamosi ile kulikuwa na mbweha mmoja aliyehitaji risasi ya pili, na mumewe jioni ile hakula. Akaanza kuwauliza watu mkono wake una nini. Watoto wakamwambia umechoka tu, pappa. Wawindaji wenzake wakamwambia ni upepo. Kanisani wakamwambia tutakuombea, uko vizuri. Halafu siku moja akarudi kutoka Spånga, akakaa mezani, akamwambia mkewe kwamba amepata mtu mmoja aliyemwambia kweli. Jumatatu akaenda kituo cha afya. Wiki hiyo hiyo akaipeleka bastola polisi mwenyewe, akawapigia simu wenye nyumba wote kuwaambia watafute mtu mwingine. Ulikuwa ugonjwa wa neva, wa kuzidi kadiri siku zinavyokwenda. Kwa kuwa aliujua mapema, alikwenda Masaka, Uganda, kumtembelea dada yake angali anabeba sanduku lake mwenyewe.

"Yule pale," mama akasema, akinielekeza kwa mkono. "Stockholm nzima walimbembeleza. Yule ndiye aliyempenda vya kutosha kumwambia ukweli."

Watu wakageuka, wakanipigia makofi. Na mimi, mnanijua, sijawahi kukimbia makofi. Nilisimama, nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa. Mkenya mmoja aliyekuwapo dukani Jumamosi ile alikuwa kwenye meza ya jirani. Alinitazama tu, akaendelea kukoroga kahawa yake.

Tangu siku hiyo situlii. Kwenye treni siketi, nasimama mlangoni kama ninayeshuka kituo kinachofuata. Nafikiri juu ya ile adabu yetu tuliyokuja nayo ugenini, ya kumwambia kila mtu uko vizuri, umenawiri, hujazeeka hata siku moja. Tunasema mficha maradhi kilio humuumbua, tunamlaumu mgonjwa. Mzee yule hakuficha. Alikuja nayo dukani kwangu mara nne, kwenye mkono wake, akaiweka mezani chini ya taa yangu kali. Nilikuwa natazama bastola. Nilijua uzito wake, kimo cha kioo chake, hali ya betri yake, na ule mkono ulioibeba kutoka Hagsätra mpaka Spånga sikuutazama hata mara moja. Nilipouona, niliuona kama kichekesho.

Mama, najua huwa unanisoma. Pale ukumbini ulinipa kitu kisicho changu, nami nikakipokea kwa mikono miwili. Sikumwambia mumeo ukweli kwa mapenzi. Nilimcheka mbele ya watu kwa sababu nilikuwa nimeshindwa na sikutaka waone. Kwamba ndani ya dhihaka ile ulikuwamo ukweli, ni yeye aliyeuokota, akaupangusa, akaupeleka kwa daktari. Sifa ni yake. Siku hizi, kabla sijafungua kabati la vioo, namwomba mteja anyooshe kwanza mkono mtupu, natazama, namuuliza habari zake, nangoja jibu. Mtu hutazamwa kabla ya kile alichoshika. Hilo nimelijua mimi fundi wa kutazama, nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Mumeo alikwisha niambia risasi ya pili ni ya nini. Basi safu hii ndiyo yangu ya pili.