Mraba Nilioufagia Msituni

Mwaka 2019 mume wangu alikuwa anasoma Houston. Mimi na mtoto tulikuwa Euless, mji wa mbali jimbo hilo hilo, nasafisha ndege uwanjani kuanzia alfajiri. Makubaliano yetu yalikuwa hivi: akimaliza utafiti wake, tunaishi nyumba moja. Ilibaki miezi mitatu. Nilishakuwa mjane mwenye mume kwa miaka miwili, kwa hiyo miezi mitatu niliiona kama kesho.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa msitu. Siyo msitu wa giza unaoufikiria wewe. Kule misonobari imesimama mbali mbali kama watu waliogombana, jua linapita mpaka chini, na chini ni mwamba na changarawe. Juu ya mwamba kuna udongo wa kina cha kidole, na humo ndimo vinaota vitu vyake: mafundo ya nyasi za rangi ya kutu, mipungate ya miiba inayotambaa, vimajani vinene vinavyochanua siku chache halafu vinakauka. Aliniambia hiyo ni jamii, kwamba ukiondoa mmoja wengine wanahangaika. Kila jani alilijua kwa jina. Namba ya kiatu cha mwanawe alikuwa ananiuliza kila mara.

Aprili akatuita tushinde naye huko Jumamosi moja. Niliendesha kwa saa tatu, mtoto wa miaka mitatu analia nyuma. Tulipofika akatuacha kwenye mwamba mpana, yeye akashuka bondeni kupima.

"Kaeni hapo hapo. Kuna nyoka," akasema. Basi.

Sasa mwambie mwanamke aliyelelewa Singida kwamba kuna nyoka, halafu mwache na mtoto kwenye nyasi. Nilifanya alichokuwa akifanya mama yangu kila asubuhi. Nilivunja tawi, nikafagia. Nikang'oa majani yote mpaka mwamba ukabaki mtupu. Yalitoka kirahisi, kama nywele za mgonjwa. Pembeni kulikuwa na vibendera vinne, mtoto akavichomoa, nikamwacha achezee. Nilidhani ni vya mafundi wa bomba la gesi. Takataka nikazirundika pembeni, nikatandika kanga. Palipendeza.

Akarudi na daftari lake. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Si umesema nyoka."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema taratibu, "Huu ni mraba wangu mkuu. Nimehesabu mimea humu miaka miwili. Lakini wewe na form four yako utajua nini zaidi ya kufagia?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Mtu akiona bendera anauliza. Sasa itabidi nirudie. Mwaka mzima, mke wangu. Mwaka." Alitamka hilo "mke wangu" kama mtu anayetaja ugonjwa wake kwa daktari.

Akapiga magoti kwenye lile rundo, akaanza kuchambua, aina hii huku, aina ile kule, anapanga virundo vidogo juu ya kanga yangu. Labda angeokoa kitu. Nilikuwa nataka kumwomba radhi. Naapa maneno nilikuwa nayo mdomoni. Mtoto akamletea fundo la nyasi kumsaidia, akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba baba, ni nyasi tu. Baba yake akampiga kofi mkononi, nyasi zikadondoka.

"Umezaliwa na mjinga," akamwambia, "siyo lazima umfuate."

Vilikuwa virundo tisa. Nilivihesabu. Nikashika kanga ncha zake, nikaenda ukingoni, nikaikung'utia bondeni kama unavyokung'uta makombo ya chapati. Upepo ukamalizia.

Akabaki amepiga magoti. "Unajua ulichofanya?"

"Hiki cha sasa najua. Kile cha mwanzo sikujua. Uone tofauti."

Usoni alifanana na mtoto wake kabla hajalia, na mimi, Mungu anisamehe, nilipaona patamu. Nikamwambia aongeze hata miaka mitano, akae na jamii yake hiyo, sisi asituhesabu humo. Alisema neno moja tu, "Subiri." Nikamfunga mtoto mkanda wa gari, tukaondoka.

Barabarani mtoto akauliza baba anakuja lini kuishi kwetu. Ningeweza kudanganya, mama wengi wangedanganya.

"Haji," nikamwambia.

"Kesho?"

"Haji kabisa. Usiniulize tena."

Alilia mpaka Corsicana, zaidi ya nusu ya njia. Sikusimamisha gari.