Nyumba ya Mzee wa Kijapani Niliyoihukumu Nikiwa Barking

Kosa langu ni ujuvi. Nilijifanya hakimu wa nyumba ya mtu, na wa msiba wake, nikiwa nimeketi kitini hapa Barking, London.

Kwetu Waunguja, mdogo hanunui nyumba bila radhi ya mkubwa wake. Ndiyo maana mdogo wangu Nassor alinijia na mkewe, Mjapani, ili niikague kwa simu ya video nyumba kongwe ya kijijini kwa wakwe zake, Japani. Bei ilikuwa nafuu. Walitaka kuhamia huko wamtunze mama mkwe, aliyekuwa ameanza kuangukaanguka akiwa peke yake.

Mwenye nyumba, mzee aliyefiwa na mkewe, alitutembeza chumba kwa chumba. Niliuliza habari za paa, unyevu, choo. Bila kuulizwa, akatupeleka kwenye nguzo iliyoliwa na mchwa, akaigonga tusikie ilivyo tupu ndani. Muuzaji gani wa London angefanya hivyo? Nami sikuuthamini uungwana ule!

Mwishoni tukaona kabati jeusi lenye picha ya marehemu mkewe, na kikombe cha chai mbele yake. Akaomba liachwe pale mpaka ipite kumbukumbu ya mwaka.

"Mwambie alitoe leo," nikamwamuru shemeji. "Hatununui nyumba ya masanamu."

"Kaka, taratibu. Ni picha ya mkewe," akasema Nassor.

"Wewe umeshakuwa Mjapani? Shemeji, mfasirie!"

"Shemeji, hilo sitamwambia. Nitume jingine."

Basi nikamwonyesha mzee mwenyewe, kwa mkono, namna ya kulitupa nje. Ole wangu! Alielewa. Simu yake ikainama, tukauona mkeka wa sakafuni, kisha giza. Kesho yake akakataa kutuuzia.

Mama mkwe sasa yumo katika makao ya wazee, miongoni mwa wageni. Nassor haji kwangu hata Sikukuu.

Nami nilikuwa mtoto Unguja baada ya Mapinduzi! Nilimwona mama akipewa mpaka alasiri ashushe picha za babu ukutani, ili waingie wengine nyumbani mwetu. Vitabu vyote nilivyosoma havikunikumbusha siku ile.

Enyi mnaonunua, kagueni nguzo na paa. Wafu wa mwenye nyumba waacheni!

Nimemwandikia mzee kumtaka radhi. Nyumba hakutuuzia, lakini alijibu. Aliyeifasiri barua yangu, akaketi nami mpaka nikafuta kila neno la kujitetea, ni shemeji yule yule niliyemfokea: Keiko.