Fundi anayezifuata boneti alizopaka mawese

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Mbuba, wilayani Ngara, na Eustakia Gaspari ameinama sikio likigusa boneti ya gari dogo jeupe.

"Vuta," anamwambia dereva. "Achia. Vuta tena, polepole."

Ndani ya gari, Manirakiza anavuta kile kishikio kidogo kilicho chini ya usukani. Boneti haiinuki. Kinachosikika ni milio ya vifaranga mia mbili waliopangwa kwenye maboksi kiti cha nyuma.

Vifaranga hao ni wa Claudia, mfugaji wa Murukulazo mwenye umri wa miaka 57, aliyewachukua Biharamulo tangu alfajiri. Gari lilizimika ghafla kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, halikuwaka tena. Ni la otomatiki, kwa hiyo kulisukuma ili liwake ni kujichosha bure. Wapita njia wamelisukuma hadi hapa gereji.

Eustakia, mwenye miaka 41, amekwisha kukisia ugonjwa. Taa haziwaki, honi haiitiki. Waya wa betri umechomoka.

"Kuukaza ni dakika mbili," anasema. "Ila betri iko chini ya boneti, na boneti imegoma."

Claudia amevua kitenge chake cha juu na kuyafunika maboksi. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya maana. Akikaa kwenye baridi hii hadi saa nne, hafiki jioni. Dereva wa bodaboda amejitolea kuwabeba kwa awamu, akakataliwa. Upepo wa pikipiki, anasema Claudia, utawamaliza kabla ya kilima cha kwanza.

"Wa mwaka jana waliganda kwa baridi usiku mmoja, wote," anasimulia. "Niliwafukia chini ya migomba. Kwa hawa nimeuza mbuzi wangu wawili. Sina mbuzi mwingine."

Mwandishi wa makala haya alidhani boneti ikigoma mtu huchukua mtaimbo na kuibandua. Alipothubutu kusema hivyo, fundi alimtazama kwa huruma.

"Ukibandua utafungua, sawa. Na kuifunga utaifunga na nini? Kamba ya katani?"

Kwake kazi huanza kwa kusikiliza. Kishikio kikija mkononi kilegevu, waya wa boneti umekatika. Kikiwa kigumu hakisogei, waya umeshika kutu. Leo kishikio kinakwenda na kurudi vizuri, na kwa mbele unasikika mlio hafifu wa chuma. Waya ni mzima. Kilichokwama ni loki, yaani ule mdomo wa chuma unaoibana boneti kwa mbele.

Anaweka viganja viwili juu ya loki na kugandamiza kwa uzito wake wote wakati Manirakiza anavuta. Mara nyingi hilo hutosha, kwa sababu boneti iliyobana huhitaji kushushwa kidogo ndipo ipande. Wanajaribu mara tatu. Wapi.

Basi anapiga magoti, anapitisha bisibisi ndefu kwenye matundu ya mbele ya gari na kukwangua. Bisibisi inatoka na tope gumu jekundu. Analisugua kwa vidole, analinusa. Ananusa tena.

Hapo fundi anainuka na kumgeukia dereva.

"Gari hili ulilinunua kwa nani?" anamuuliza Manirakiza.

"Kwa mwalimu mmoja wa Rulenge, dada. Mwezi wa pili huu."

Manirakiza hajui lolote. Claudia hajui. Eustakia angeweza kuendelea na kazi yake na kuondoka na sifa. Mwandishi alimwona akifuta mikono kwenye ovaroli, taratibu, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Haya ni mawese," anasema. "Niliyaweka mimi, gari likiwa bado la mwalimu."

Kisa chenyewe kinaanzia kwa baba yake, mzee Gaspari, aliyekuwa fundi baiskeli hapa Mbuba. Baiskeli zinazoshusha ndizi kutoka vilimani zililainishwa minyororo kwa mawese, na kila Jumamosi zilifutwa kwa tambara na kupakwa upya. Eustakia alikua akishika hilo tambara. Alipojifunza magari, miaka kumi na minne iliyopita, alibeba na desturi ya nyumbani. Kila mteja aliyemaliza kuhudumiwa alipakiwa mawese kidogo kwenye loki ya boneti, bure.

"Ilikuwa nyongeza," anaeleza. "Ukinunua maharage sokoni si unaongezewa kiganja? Na mimi niliongeza."

Ila mnyororo hufutwa kila Jumamosi. Loki ya boneti nani anaifuta? Mawese yalikaa, vumbi jekundu likaingia, joto la injini likayapika miezi na miezi hadi yakawa gundi. Gari hili ni la nne kurudi mwaka huu. Kwa yale mawili ya kwanza alijiambia ni kutu. La tatu ndilo lililomtia shaka, akaacha kupaka. Leo amenusa, shaka imeisha.

Claudia amesikia yote.

"Fungua kwanza, mwanangu," anasema. "Ugomvi nitauanza nikifika nyumbani."

Eustakia anatoa bomba la sindano ya ng'ombe alilolifungia mpira mwembamba, ule wa waashi wa kupimia usawa wa ukuta. Anavuta dizeli, anaupenyeza mpira hadi kwenye loki na kusukuma tone kwa tone. Kisha anakaa chini. Dakika kumi, anasema, na asiguse mtu. Dakika hizo ni ndefu. Milio ya vifaranga imepungua, na kila mmoja wetu ameliona hilo.

"Vuta."

Anagandamiza. Chuma kinalia *ko*, na boneti inaruka juu kidole kimoja.

Claudia anakaa juu ya tairi kuukuu na kulia waziwazi, bila kujificha.

Waya wa betri unakazwa, gari linawaka, hita inafunguliwa. Kabla halijaondoka, Eustakia anaosha loki kwa petroli, anapaka grisi ya dukani, kisha anafunga kipande cha waya kinachofika nyuma ya matundu ya mbele, ili siku nyingine ikigoma ivutwe kutokea nje. Kwa kazi hii huwa anatoza shilingi elfu nane, na kuna siku hilo ndilo pato lake lote. Leo anazirudisha mkononi mwa Manirakiza.

Saa sita mchana Claudia anapiga simu. Wamefika mia moja tisini na sita, na wanakunywa maji. Ule ugomvi hakuugusia.

Kwa hesabu ya kichwa, yamebaki magari kama ishirini yenye mawese, kuanzia hapa hadi Nyamahanga. Jumapili, baada ya misa, Eustakia ameomba nafasi kwenye matangazo.

"Naogopa," anakiri. "Fundi akisimama kanisani kutangaza kosa lake, nani atamletea gari tena? Lakini moja likizimika limebeba mama mjamzito, nitasema nini?"

Tunaagana barabarani. Pikapu ya buluu inashuka kutoka kilimani, na Eustakia anaitambua kwa mbali. Anaingia katikati ya barabara, mkono juu, bomba la sindano mkononi. Idefonsi, mwenye pikapu, anafunga breki na kutoa kichwa dirishani.

"Kuna nini, fundi?"

"Boneti yako."

"Mbona inafunguka vizuri tu?"

"Najua," anasema Eustakia. "Zima gari, nikueleze nilichofanya."