Brokoli Nilizozifunika

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikaacha shule nikashika jembe. Koliflawa ndiyo iliyonilea.

Mwaka huu mama mwenye hoteli hapa Lushoto alitafuta mtu wa kumlimia brokoli. "Unaziweza, mzee?"

"Mimi nifundishwe mboga?"

Nikapanda nyuma ya nyumba. Vichwa vilitoka kijani, nikavifunika kwa majani yake na kufunga kamba za mgomba ili viwe vyeupe, kama tufanyavyo koliflawa. Kila asubuhi nilikunywa chai kwenye ukungu, nikiota mawingu madogo yanakua humo.

Mama wa hoteli alipokuja, nikafungua kwa mbwembwe. Maua ya njano matupu!

"Mzee wangu, brokoli huvunwa ikiwa kijani."

Mke wangu akaangua kicheko. "Baba Zaina, mfungie basi shada!"

Leo nina nyumba ya bati, ng'ombe wawili, koliflawa bondeni, na tuta moja la maua ya brokoli. Nyuki wanalipenda.